Manzai: Historia ya Mashindano ya M-1 Nchini Japani

Wahenga wetu walituachia methali mbili zisizopatana. Ya kwanza yasema kwamba mvumilivu hula mbivu. Ya pili yasema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Kila mwalimu wa Kiswahili amezifundisha zote mbili, na pengine amewahi kuulizwa na mwanafunzi mwerevu ni ipi iliyo ya kweli. Katika makala haya tumekusudia kueleza habari za mashindano ya nchi ya mbali ambayo yaliundwa kwa ajili ya swali hilo hilo. Ni mashindano ya wachekeshaji wa Japani, yaitwayo M-1 Grand Prix, nayo huonyeshwa katika televisheni kila mwaka mwezi wa Desemba. Herufi M yasimama badala ya neno manzai, na jina zima lilifuatisha lile la mashindano ya mapigano ya K-1.

Wasomaji wetu hawana haja ya kukijua Kijapani ili wayafuate tutakayoeleza. Manzai ni sanaa ya mazungumzo. Watu wawili husimama mbele ya kipaza sauti kimoja, bila pambo wala vyombo, wakasemezana mpaka watu wacheke. Yeyote aliyewahi kuwasimamisha wanafunzi wawili mbele ya darasa ili wajibizane kwa ngonjera anaijua nusu ya kazi hiyo. Nusu ya pili ndiyo ngumu: kumchekesha mtu asiyekusudia kucheka.

Asili ya sanaa yenyewe

Manzai ina umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Hapo kale watu wawili walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakati wa mwaka mpya, wakiwaombea wenyeji baraka na maisha marefu. Mmoja aliitwa tayu, naye alishika kipepeo na kutoa maneno ya heshima. Mwenzake aliitwa saizo, naye alipiga kingoma kidogo na kutia mzaha. Neno lenyewe liliandikwa kwa alama zenye maana ya miaka elfu kumi, maana ndiyo dua waliyowaombea watu.

Baadaye sanaa hii iliingia majumba ya michezo, hasa katika mji wa Osaka, ulio mji wa wafanyabiashara na watu wapendao maneno. Mwaka 1912 ndipo ilipoanza huko biashara ya ukoo wa Yoshimoto, ambayo ilikua ikawa kampuni kubwa kabisa ya wachekeshaji nchini Japani. Mwaka 1930 wachekeshaji wawili wa kampuni hiyo, Yokoyama Entatsu na Hanabishi Achako, waliungana na kuleta mapinduzi. Waliacha ngoma na nyimbo, wakavaa suti, wakazungumza kama watu wa kawaida wazungumzavyo njiani. Kichekesho chao mashuhuri kilihusu mchezo wa besiboli baina ya vyuo vikuu vya Waseda na Keio. Redio iliwasaidia mno, kwa kuwa sanaa yao ilihitaji masikio tu.

Tangu siku hizo kazi imegawanywa baina ya watu wawili. Wa kwanza huitwa boke. Yeye husema la kijinga, hupotosha maana, husahau jambo la wazi. Wa pili huitwa tsukkomi. Yeye humrekebisha, humkemea, na pengine humpiga kofi jepesi la kichwa. Msikilizaji asidhani kwamba anayechekesha ni boke peke yake. Upuuzi usiporekebishwa kwa wakati wake hupita bila kusikika. Mrekebishaji ndiye anayewaonyesha watu kosa liko wapi, naye akichelewa au akiwahi kwa kitambo kidogo tu, kicheko hufa.

Mtu aliyeacha

Mwaka 1980 kipindi cha televisheni kilichoitwa THE MANZAI kilizua wimbi kubwa la sanaa hii katika nchi nzima. Miongoni mwa waliopata umaarufu walikuwa vijana wawili, Shimada Shinsuke na Matsumoto Ryusuke. Wimbi hilo halikudumu. Mwaka 1985 vijana hao walivunja kikundi chao, na yasimuliwa kwamba Shinsuke alikata shauri baada ya kuwatazama wenzao wadogo, Downtown, akatambua kwamba hataweza kuwashinda. Aliendelea kuwa mwendeshaji wa vipindi, akatajirika. Lakini kwenye kipaza sauti cha manzai hakurudi.

Ilipofika mwaka 2001 manzai ilikuwa imefifia katika televisheni. Tani Ryoichi, mfanyakazi wa Yoshimoto, alipewa kazi ya kuifufua, akamwendea Shinsuke. Wazo lililotoka katika mashauri yao lilikuwa hili: yafanywe mashindano yaliyo wazi kwa wote, wa kampuni yoyote na hata wasio na kampuni, na mshindi apewe yeni milioni 10. Palikuwa na sharti moja kubwa. Kikundi kisiwe kimepita miaka 10 tangu kuundwa.

Sharti hilo ndilo kiini cha habari yetu. Shinsuke hakuficha nia yake. Alitaka wenye kipawa wainuliwe. Lakini pia alitaka wasio na kipawa wapate siku ya kuacha. Aliwafahamu wachekeshaji waliofikia utu uzima wakiwa bado wanaosha vyombo mahotelini usiku, wakitumaini kwamba mwaka ujao utakuwa wao. Kwake yeye, miaka kumi ilitosha. Mtu ambaye kwa miaka kumi hakufika hata karibu na fainali aambiwe kwa upole kwamba basi. Shinsuke, tungesema, alishika methali ya pili.

Miaka kumi ya kwanza

Vikundi 1,603 vilijiandikisha mwaka ule wa kwanza, na fainali ikafanywa tarehe 25 Desemba 2001. Walioshinda walikuwa ndugu wawili wa tumbo moja, Nakagawake, watu wa upande wa Osaka.

Fainali hiyo ilikuwa na jambo ambalo sisi walimu wa lugha hatuna budi kulitazama. Mbali na waamuzi, watazamaji wa Sapporo, Osaka na Fukuoka nao walipewa haki ya kutoa alama, mia kwa kila mji. Kikundi cha Ogiyahagi, chenye msemo wa Tokyo na mwendo wa polepole, kilipata kutoka Osaka alama 9 tu. Kijapani cha Tokyo ndicho msingi wa lugha sanifu ya shule na serikali. Lakini katika manzai lahaja ya Osaka ndiyo yenye enzi, hata mtu wa lugha sanifu akaonekana mgeni. Mwaka uliofuata kura ya miji iliondolewa, wakabaki waamuzi peke yao. Twajifunza kwamba usanifu huwekwa na shule, bali ladha hubaki kwa wenyewe.

Mwaka 2007 ulileta kisa ambacho Wajapani wangali wanakisimulia. Date Mikio na Tomizawa Takeshi, waitwao Sandwichman, walitoka Sendai, upande wa kaskazini-mashariki, mbali na Osaka. Walikuwa wa kampuni ndogo, na kwa muda wa miaka kama kumi waliishi pamoja katika chumba kimoja cha kupanga. Katika nusu fainali walitolewa. Lakini mashindano haya huwapa walioshindwa nafasi moja ya mwisho siku ile ile ya fainali, nao walishindana nje, katika baridi ya Desemba, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Oi. Walipotangazwa kuwa wa kwanza walipakiwa katika gari, wakapelekwa mbio studioni, wakaingia wa mwisho, wakavishinda vikundi vyote. Miaka minne baadaye, tarehe 11 Machi 2011, walikuwa Kesennuma kwa kazi ya televisheni tetemeko la ardhi na mawimbi yalipoipiga pwani hiyo. Walinusurika kwa kupanda mlimani, kisha wakaanzisha mfuko wa kuwachangia watu wa kwao. Umaarufu walioupata kwa dakika chache za mzaha uligeuka kuwa msaada kwa waliofiwa.

Kisa cha pili ni cha Warai Meshi. Hawa walikuwa na mtindo wao wa peke yao: wote wawili walikuwa wajinga kwa zamu, na wote wawili wakarekebishana. Waliingia fainali tangu mwaka 2002 mpaka 2010, mara tisa mfululizo, na mara nane walirudi nyumbani bila taji. Mwaka 2009 Shinsuke aliwapa alama 100 kamili kwa kichekesho kimoja, na bado hawakushinda. Mwaka 2010 ulikuwa wa mwisho kwao kwa mujibu wa sharti. Walishinda kwa kura 4 dhidi ya 3 za Slim Club, kikundi cha watu wa Okinawa. Hapo mashindano yenyewe yakafungwa. Agosti 2011 Shinsuke aliacha kabisa kazi ya sanaa.

Kurudi kwa mashindano

Mwaka 2015 mashindano yalifufuliwa, na sharti likalegezwa kutoka miaka 10 hadi 15. Mabadiliko hayo madogo yalifungua milango ambayo mwanzilishi alikuwa ameifunga.

Mwaka 2019 Milk Boy, waliokwisha kutimiza miaka kumi na miwili pamoja, walifika fainali kwa mara ya kwanza. Chini ya sharti la zamani wasingeruhusiwa hata kujiandikisha. Walipata alama 681 katika 700, ambazo zilikuwa nyingi kuliko zote zilizowahi kutolewa na waamuzi saba. Kichekesho chao kilikuwa chepesi ajabu. Mmoja asema kwamba mama yake ana chakula akipendacho lakini amesahau jina lake. Mwenzake aomba dalili. Dalili moja yaonyesha kwamba ni konifleksi, ile nafaka ya mahindi ya boksi inayoliwa asubuhi kwa maziwa. Dalili ifuatayo yakanusha. Ya tatu yarudisha. Nao huenda hivyo mbele na nyuma kwa dakika nne, ambao ndio muda uliowekwa. Kitu kisicho na maana yoyote kikawa kama kesi mahakamani.

Mwaka 2020 taji lilikwenda kwa Magical Lovely, ambao mwaka 2017 walishika mkia katika fainali na kukemewa vikali na mwamuzi. Safari hii mmoja wao aliyumba na kugaagaa jukwaani kama abiria wa treni, karibu bila kusema neno, huku mwenzake akieleza. Nchi nzima ikabishana: je, hiyo ni manzai, au si manzai? Ubishi huo haukuwa wa bure. Watu hawagombei mipaka ya kitu wasichokipenda.

Kisha ukaja mwaka 2021. Katika kikundi cha Nishikigoi, Hasegawa Masanori alikuwa na miaka 50, na mwenzake Watanabe Takashi miaka 43. Kila mmoja alikuwa amekwisha kuvunjikiwa na kikundi cha kwanza, na Hasegawa alijikimu kwa vibarua mpaka utu uzima ukampata. Kwa fikra ya mwaka 2001, huyu ndiye hasa mtu aliyepaswa kuambiwa aache. Lakini sharti lilihesabu umri wa kikundi, halikuhesabu umri wa mtu; nao walikuwa wameungana mwaka 2012 tu. Walipewa kura 5 katika 7. Miongoni mwa waamuzi wa siku ile alikuwamo Tomizawa wa Sandwichman, aliyewahi yeye mwenyewe kuitwa kutoka kwa walioshindwa.

Tangu hapo historia imekwenda mbio. Mwaka 2023 vijana wa Reiwa Roman walishinda baada ya kutangulia wote jukwaani, jambo lililokuwa halijatokea tangu Nakagawake. Na mwaka 2024 wakashinda tena, wa kwanza kutwaa taji miaka miwili mfululizo. Mwaka ule ule wa 2023 stesheni nyingine ya televisheni ilianzisha mashindano yaitwayo THE SECOND kwa ajili ya vikundi vilivyopita miaka 15. Kwa hiyo hata wale waliofikia mwisho walipata mlango mwingine.

Fundisho

Twaweza sasa kupima kazi ya Shinsuke kwa hesabu. Mwaka 2001 walijiandikisha vikundi 1,603. Mwaka 2024, katika mashindano ya ishirini, walijiandikisha 10,330. Mashindano yaliyokusudiwa kuwaambia watu waache yamewafanya wengi zaidi waanze. Wala hatutaki kuyapamba kupita kiasi. Maelfu hutolewa kila mwaka na majina yao hayasikiki tena, na katika mashindano hayo ishirini hakikutokea kikundi cha wanawake watupu kilichotwaa taji.

Hata hivyo tunaona kwamba mwanzilishi hakukosea kuweka mpaka. Warai Meshi walitoa kazi yao kwa sababu mwaka wa mwisho ulikuwa unakuja. Pasingekuwa na mpaka, pengine wangeendelea kungoja. Alichokosea ni kudhani kwamba mpaka humwonyesha mtu ukosefu wa kipawa. Mpaka humwonyesha muda uliobaki, basi. Hasegawa alipofika mwisho wa njia moja alitafuta mwenzake mwingine, wakaanza kuhesabu upya.

Sisi walimu tumepewa mamlaka kama yale ya waamuzi. Kila mwaka hutujia kijana aliyerudia mtihani, ambaye Kiswahili chake, kilichochanganyika na lugha ya kwao, hakitupendezi. Nasi twaweza kumwambia basi. Kabla hatujasema, tujiulize kama aliyefika mwisho ni yeye, au ni ile njia tu tuliyompitisha. Methali zetu mbili zote ni za kweli; kazi ya mwalimu ni kujua ya kumsomea nani, na lini.