Upungufu wa Damu: Upungufu wa Nini?

Apitaye Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kabla jua halijawa kali, hakosi kumsikia muuza rozela akiinadi chupa yake nyekundu kuwa yaongeza damu, na hatua chache mbele humkuta mwenziwe aliyepanga vipande vya udongo wa kuliwa, ambavyo waja wazito huvinunua kwa haya kidogo. Na wote wawili, pasipo kujuana, hufanyia biashara neno moja, nalo ni upungufu wa damu.

Neno hilo ni fasiri ya istilahi ya matabibu, anemia, ambayo kwa asili yake ya Kiyunani ina maana ya kukosa damu kabisa. Basi Kiswahili, kiliponena upungufu, kiliukaribia ukweli kuliko mwalimu wake. Lakini watu wa pwani walikuwa tangu zamani na safura, neno la nasaba ya Kiarabu lenye shina la rangi ya manjano, wakimkusudia mtu aliyevimba uso, akapauka viganja na kutamani udongo, maradhi ambayo aghalabu huletwa na minyoo ifyonzayo damu tumboni. Safura ilitaja wajihi wa mgonjwa. Upungufu wa damu wataja mtungi usiojaa, na mtungi usiojaa dawa yake ni kujazwa tu, hata kila mwenye chupa akajiona tabibu.

Hakika kilichopungua ni himoglobini, ile rangi nyekundu ibebayo oksijeni. Nayo ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, mjamzito huambiwa damu yake haitoshi. Tarakimu hiyo haisemi sababu. Yamkini ni chuma, au malaria, au minyoo, au selimundu, ambayo hakuna kipimo cha vitamini kitakachoifichua.

Ndipo hutazamwa ukubwa wa chembe nyekundu. Zikiwa ndogo, hushukiwa kwanza chuma. Zikizidi femtolita 100, hushukiwa foleti au vitamini B12, na hapo kupima vitamini huwa na haki ya gharama yake. Lucy Wills, tabibu wa Kiingereza, aliwaona huko Bombay wajawazito mafukara wenye chembe kubwa kama hizo, akawalisha dondoo ya hamira iitwayo Marmite, wakapona, naye akaitangaza habari hiyo mwaka 1931. Kilichowaponya ndicho foleti, kilichokuja kuitwa kwa neno la Kilatini la jani; na mchicha na matembele ya Kariakoo yanacho, ingawa mpishi achemshaye mno na kumwaga maji humwaga na foleti yake.

B12 haimo katika majani hayo, bali katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Aikosaye akipewa vidonge vya foleti peke yake, damu yake hunawiri na tarakimu hupanda, ilhali mishipa ya fahamu yaendelea kuharibika na miguu kufa ganzi. Naye hurudi nyumbani akishukuru.

Sisemi kila aliyepauka apimwe vitamini, maana kwa wengi picha ya damu, kipimo cha malaria na cha choo hutangulia kwa faida kubwa na bei ndogo. Wala siombi istilahi mpya. Naomba tu cheti kiimalize ile tuliyo nayo: upungufu wa damu wa chuma, wa foleti, wa B12, wa minyoo, na huo wa mwisho, kwa ridhaa yangu, uandikwe safura.