Neno na Matumizi: Mchango si msaada

Hapa Wandegeya, Kampala, mwanamume husema juu ya mke waliyeachana naye: "Alinisaidia tu kujenga." Neno hilo linamdhulumu. Msaidizi hadai fungu. Mchango unatokana na kuchanga: kila mmoja anatoa chake, kinapatikana cha wote. Mke aliyeuza chapati akanunua saruji alichanga. Aliyepika na kulea wana naye alichanga, hata bila risiti. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali hivyo mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Uganda ilisema ndoa pekee haifanyi mali kuwa ya pamoja. Hutazamwa mchango, hata usio wa fedha. Ndugu wasuluhishi, mnapoandika makubaliano ya kugawana mali, andikeni "alichangia".