Giza la Big Pit

Makumbusho mengi huhifadhi fahari za wakubwa: viti vya enzi, panga za majemadari, vyombo vya dhahabu. Ni machache yanayohifadhi jasho. Mojawapo ni mgodi wa makaa ya mawe wa Big Pit, mjini Blaenavon, kusini mwa Wales. Mgodi huo ulifungwa mwaka 1980, na mwaka 1983 ukafunguliwa tena, safari hii kwa wageni.

Mgeni huacha juu saa, simu na kiberiti, maana cheche moja yaweza kuwasha gesi ya mgodini. Huvaa kofia ngumu yenye taa, kisha huteremshwa kwa lifti ya chuma yapata mita 90 chini ya ardhi. Huko, mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama. Kiongozi wetu, mchimbaji wa zamani, alituonyesha mazizi ya farasi waliovuta magari ya makaa. Halafu akasimama penye mlango wa mbao, akatuomba tuzime taa.

Hata mkono wangu mwenyewe sikuuona. Katika giza la namna hiyo, mwanzoni mwa karne ya 19, migodi ya Uingereza iliwaweka watoto, wengine wa miaka 6 tu. Kazi ya mtoto ilikuwa kufungua mlango gari lipite, kisha kuufunga upesi, ili hewa safi ifuate njia yake na gesi isijikusanye. Alikaa hapo hata muda wa saa 12 kwa siku. Uhai wa watu wazima ulikuwa mikononi mwake.

Mwaka 1838, huko Yorkshire, maji ya mvua yaliingia katika mgodi wa Huskar yakaua watoto 26. Mwaka 1840 iliundwa tume, nayo ikawahoji watoto wenyewe. Sheria ya mwaka 1842 ikakataza wanawake, wasichana, na wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi.

Ni rahisi kuwahurumia watoto wa kale. Lakini huko Kolwezi, nchini Kongo, watu wanakosema Kiswahili, katika karne hii yetu watoto wameonekana wakichimba na kuokota kobalti, madini ya betri za simu kama zile tulizoziacha juu. Watoto wa Uingereza walipata wa kuwauliza. Hawa nao wastahili kuulizwa.