Mwamuzi na Matini: Historia ya Ufasiri wa Kanuni za Mapigano katika Mchezo wa Dungeons & Dragons

Utangulizi

Dungeons & Dragons ni mchezo wa uhusika unaochezwa mezani kwa maneno, karatasi na dadu. Kila mchezaji huchukua mhusika mmoja, awe mpiganaji, mchawi au mwizi, na kueleza anachokitenda mhusika huyo katika ulimwengu wa kinjozi. Mtu mmoja huwa msimamizi: yeye husimulia ulimwengu huo, huwaongoza maadui waliomo, na huamua matokeo ya kila tendo. Mhusika anaweza kudumu na mchezaji wake kwa miezi au hata miaka, akiongezeka ujuzi na mali. Pambano linapozuka, mhusika huyohuyo anaweza kufa kwa mrusho mmoja wa dadu.

Hapo ndipo ufasiri wa kanuni unapopata uzito. Mchezaji aliyempoteza mhusika wake hutaka kujua kama ameshindwa kwa haki, na jibu hutegemea nani mwenye kauli ya mwisho juu ya maana ya kanuni: kitabu au msimamizi. Makala haya yanafuatilia swali hilo kuanzia toleo la kwanza la mchezo, mwaka 1974, hadi toleo la tano la mwaka 2014. Hoja kuu ni kwamba maandishi yaliyoongezwa ili kupunguza hiari ya msimamizi hayakuondoa haja ya ufasiri, bali yaliihamisha. Ubishi uliokuwa juu ya kilichotokea katika uwanja wa mapigano uligeuka kuwa ubishi juu ya maana ya maneno ya kitabu.

Mwamuzi katika michezo ya vita

Swali hili ni kongwe kuliko mchezo wenyewe. Mwaka 1824 ofisa wa mizinga wa jeshi la Prusia, Georg Heinrich von Reisswitz, alichapisha kanuni za Kriegsspiel, mchezo wa vita uliotumika kuwafunza maofisa. Vikosi viliwakilishwa kwa vipande vilivyosogezwa juu ya ramani, hasara ilihesabiwa kwa dadu na majedwali, na mwamuzi alisimama kati ya pande mbili akipokea amri na kutangaza matokeo. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alipendekeza dadu na majedwali viachwe, kwa kuwa utaratibu huo ulikuwa mzito na wa polepole, na ofisa mzoefu aliweza kuamua kwa busara yake. Tangu hapo zikawapo njia mbili. Ya kwanza ilimlinda mchezaji dhidi ya upendeleo wa mwamuzi. Ya pili ilimlinda dhidi ya upofu wa jedwali.

Mapokeo hayo yalifika Minnesota, Marekani, kwa njia ya kitabu. David Wesely alisoma Strategos, kazi ya Charles Totten ya mwaka 1880, akachukua humo wazo la mwamuzi mwenye uwezo wa kuamua jambo lolote ambalo kanuni hazikulitaja. Mwaka 1969 aliendesha mchezo alioupa jina la Braunstein, ambamo mchezaji aliweza kuwa mtu mmoja badala ya jeshi zima. Dave Arneson, mmoja wa wachezaji wa kundi hilo, alianzisha mchezo wake wa Blackmoor mwaka 1971. Mwaka huohuo Gary Gygax wa mji wa Lake Geneva, Wisconsin, pamoja na Jeff Perren, walichapisha Chainmail, kanuni za vita vya zama za kati zenye nyongeza ya viumbe vya kinjozi.

Katika kanuni za Chainmail za mapigano ya mtu kwa mtu, mrusho mmoja uliofaulu uliua. Utaratibu huo ulimfaa askari wa bati asiye na jina. Haukumfaa mhusika ambaye mchezaji alikuwa amemlea kwa wiki nyingi. Arneson alieleza baadaye kwamba wachezaji wake hawakupenda kufa upesi namna hiyo, naye akaazima wazo kutoka katika michezo ya vita vya majini, ambamo meli hupigwa mara nyingi kabla ya kuzama. Hivyo zikapatikana alama za uhai: kila mhusika alipewa idadi fulani, na kila pigo liliipunguza. Suluhisho hilo liliokoa maisha ya wahusika, lakini liliacha swali ambalo halikuwapo awali. Meli iliyopigwa hutoboka. Mtu aliyepigwa upanga mara nne na bado anapigana kwa nguvu zilezile amepatwa na nini hasa?

Vijitabu vya mwaka 1974

Gygax na Arneson walichapisha Dungeons & Dragons mwaka 1974 kupitia kampuni ya Tactical Studies Rules. Chapa ya kwanza ilikuwa ya nakala 1,000, kila moja ikiwa sanduku lenye vijitabu vitatu. Kuhusu mapigano, vijitabu hivyo vilimwelekeza msomaji kwenye Chainmail, kitabu kingine kilichouzwa peke yake, kisha vikatoa utaratibu mbadala kwa ufupi sana. Katika utaratibu huo mshambuliaji alirusha dadu ya pande 20 na kulinganisha matokeo na jedwali. Mpiganaji wa ngazi ya kwanza alihitaji 10 au zaidi kumpata adui asiye na deraya, na 17 au zaidi kumpata aliyevaa deraya kamili na kushika ngao. Pigo lililofaulu liliondoa alama 1 hadi 6. Mchawi wa ngazi ya kwanza naye alikuwa na alama 1 hadi 6 tu, hivyo pigo moja liliweza kummaliza.

Mengi hayakusemwa. Vijitabu havikueleza waziwazi nani hupiga kwanza, wala nini humpata anayeugeuzia mgongo mpambano na kukimbia. Msomaji mwenye Chainmail aliweza kuziba mapengo hayo kwa kanuni za kitabu hicho. Asiyekuwa nacho ilimlazimu kubuni. Mwaka 1975 kampuni ilichapisha majibu ya maswali yaliyoulizwa mara kwa mara katika jarida lake la The Strategic Review, likiwamo la namna ya kuendesha pambano, na kufafanua kwamba utaratibu mbadala ndio uliokusudiwa kwa mapigano ya kawaida ya mchezo.

Ufupi huo haupaswi kuhesabiwa kuwa uzembe mtupu. Waandishi wake walitoka katika mapokeo ambamo mwamuzi alijaza yaliyoachwa, na vijitabu vilimalizika kwa kuwahimiza wasomaji waamue na kubuni wenyewe. Ila wasomaji wengi hawakuwa wamekaa katika meza ya Arneson wala ya Gygax. Walipokea maandishi bila desturi iliyoyazaa, wakayafasiri kila mahali kivyake. Huko Arizona, Ken St. Andre alitoa Tunnels & Trolls mwaka 1975, mchezo ambamo pande zote mbili hurusha dadu na tofauti ya jumla zao huwa ndiyo jeraha. Huko California, Steve Perrin alisambaza mwaka 1976 utaratibu wake wa mpangilio wa pambano, na mwaka 1978 akawa miongoni mwa waandishi wa RuneQuest, ambamo mpigwaji huweza kukinga pigo na kila kiungo cha mwili huwa na alama zake. Ufasiri wa meza moja ulikuwa umezaa michezo mipya.

Maana ya pigo

Kampuni ilijibu mtawanyiko huo kwa kuandika zaidi. Sanduku la wanaoanza lililohaririwa na Eric Holmes mwaka 1977 linaonyesha hatari ya njia hiyo. Lilisema silaha nyepesi kama jambia hupiga mara mbili katika raundi moja, na upanga mzito wa mikono miwili hupiga mara moja katika raundi mbili. Wakati huohuo lilibakiza kanuni ya mwaka 1974 kwamba silaha zote huondoa alama 1 hadi 6. Zikisomwa pamoja, kanuni hizo ziliifanya jambia kuwa silaha yenye nguvu mara nne ya upanga mkubwa. Kila kifungu kilieleweka. Vilipokutana vilitoa matokeo ambayo msimamizi ilimbidi ayakubali hata kama hayaaminiki, au ayakatae kinyume cha maandishi.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa Advanced Dungeons & Dragons, iliyotoka kwa vitabu vitatu kati ya mwaka 1977 na 1979. Gygax alitaka mchezo ulio sawa kila mahali, unaoweza pia kutumika katika mashindano. Swali la iwapo mchezo huo ulikuwa uleule au mwingine lilikuwa na thamani ya fedha: Arneson alifungua kesi mwaka 1979 akidai mrabaha, na shauri hilo likamalizwa kwa makubaliano mwaka 1981. Kuhusu mamlaka ya mezani, mpangilio wa vitabu hivyo unasema mengi. Majedwali ya kushambulia hayakuwekwa katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, bali katika kitabu cha msimamizi cha mwaka 1979. Kanuni ziliongezeka, lakini ufunguo wake ukabaki mkononi mwa mtu mmoja.

Katika kitabu hicho cha msimamizi Gygax alilijibu swali lililoachwa na alama za uhai. Raundi ilidumu dakika moja, na mrusho wa dadu haukuwa pigo moja la upanga, bali nafasi bora iliyopatikana katika dakika nzima ya kuviziana na kukingana. Alama za uhai nazo hazikuwa nyama na damu tu. Zilijumuisha ustadi, bahati na ulinzi wa miungu, kwani haingii akilini binadamu astahimili majeraha mengi kiasi hicho. Kwa fasiri hiyo, mhusika anayepoteza alama nyingi huenda amechubuka tu.

Ufafanuzi huo uliondoa kioja kimoja na kuleta vingine. Ikiwa zilizopotea ni bahati na ustadi, kwa nini mhusika alihitaji siku nzima ya mapumziko kurejesha alama moja, na kwa nini uganga uliozirejesha uliitwa tiba ya majeraha? Na upanga uliopakwa sumu uliwezaje kumdhuru mtu ambaye haukumgusa? Msimamizi alilazimika kulipa neno pigo maana moja kwa ajili ya upanga na nyingine kwa ajili ya sumu. Mpangilio wa kutangulia, uliochanganya dadu, sehemu kumi za raundi, kasi ya silaha na muda wa kutamka uganga, nao haukusomeka kwa namna moja. Si ajabu kwamba mwaka 1979 jarida la Dragon lilianzisha safu ya Sage Advice kujibu maswali ya wasomaji kuhusu kanuni. Mchezo uliokuwa na mwamuzi katika kila meza sasa ulikuwa na mwamuzi wa waamuzi.

Kutoka hiari hadi rufaa

Wizards of the Coast iliinunua TSR mwaka 1997 na kutoa toleo la tatu mwaka 2000. Majedwali ya kushambulia yaliondolewa: mshambuliaji alirusha dadu ya pande 20, akaongeza uwezo wake na kulinganisha jumla na namba ya ulinzi ya adui. Raundi ilifupishwa kuwa sekunde 6. Uwanja ulichorwa miraba, na aliyetoka katika mraba uliokuwa chini ya tishio la adui alijua kwamba adui huyo angepata nafasi ya kumpiga. Badiliko kubwa lilikuwa la mamlaka. Mchezaji aliweza kuijua hatari kabla ya kutenda, na alipoona ameonewa aliweza kufungua kitabu na kuonyesha ukurasa. Alipata haki ya rufaa. Hata hivyo toleo hilo lilihitaji marekebisho kufikia mwaka 2003, kwani kila kanuni mpya ilikuwa na mipaka ya kubishaniwa.

Toleo la tano la mwaka 2014 lilirudi kwenye lugha ya kawaida, na likasisitiza kwamba msimamizi ndiye mwamuzi. Lugha ya kawaida nayo ilisomwa kama sheria. Vitabu vilitofautisha shambulio la silaha la ana kwa ana, ambalo ni aina ya shambulio na linajumuisha ngumi, na shambulio kwa silaha ya ana kwa ana, ambalo linahitaji silaha mkononi. Je, askari mtakatifu angeweza kutia nguvu za kimungu katika ngumi yake? Sehemu moja ya kifungu husika ilitumia maneno yanayojumuisha ngumi; sehemu nyingine ilitaja madhara ya silaha, na ngumi si silaha. Jibu rasmi lilikuwa kwamba haikukusudiwa. Katika marekebisho ya mwaka 2024 maandishi yenyewe yaliitaja ngumi na kuiruhusu.

Ilipofufuliwa mwaka 2015, safu ya Sage Advice ilieleza kwamba kanuni inaweza kusomwa kwa njia tatu: kama ilivyoandikwa, kama ilivyokusudiwa, na kama inavyoleta furaha mezani. Ugawaji huo ni ungamo la kihistoria. Baada ya miaka arobaini ya kuandika, watunzi wenyewe walikiri kwamba maandishi ni chanzo kimoja tu cha maana, na kwamba mara nyingine si chanzo cha mwisho.

Hitimisho

Historia hii haionyeshi safari ya kutoka kwenye kanuni hafifu kuelekea kanuni kamilifu. Vijitabu vya mwaka 1974 vilimwachia msimamizi mambo mengi mno, hata mchezaji asijue mhusika wake ameuawa na dadu au na mtu. Matoleo yaliyofuata yalimpa mchezaji ngao ya maandishi, na gharama yake ikawa kusimamisha pambano ili kuchambua sentensi. Pande zote mbili zilitafuta kitu kilekile: hakikisho kwamba anayepoteza amepoteza kwa haki. Kanuni iliyoandikwa vizuri husaidia kulitoa hakikisho hilo, lakini haijitoshelezi, kwa sababu haiwezi kujua pambano gani litatokea kesho. Kilichoziwezesha meza kuendelea, tangu Blackmoor hadi leo, ni makubaliano kuhusu nani atalifasiri pengo linapotokea, na imani ya wachezaji kwamba atalifasiri vivyo hivyo zamu itakapomfikia adui.