Mashimo Kwenye Tuta: Malambo Yetu na Wanyama Wachimbao



Ni desturi ya kijitabu hiki kueleza kipande cha historia ya kwetu kabla ya kufika kwenye kurasa za michango. Mwaka huu tumechagua jambo ambalo wengine watalicheka: fuko na panya wanaotoboa matuta ya malambo. Wasicheke sana. Lambo likikauka kwa sababu mvua haikunyesha, tunamwachia Mungu. Lambo likikauka mwezi wa Juni, baada ya mvua nzuri, hilo ni la kujiuliza sisi wenyewe.

Sehemu kubwa ya mkoa wetu imo ndani ya Bonde la Kati, ambako mito haifiki baharini. Maji huishia kwenye maziwa ya ndani. Singidani na Kindai yanapendeza kwa macho, lakini ni maji ya chumvi. Mvua ni milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili, na miezi inayobaki ni ya kuishi kwa akiba. Ndiyo maana miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ilijenga malambo na mabwawa mengi kanda ya kati. Wenzetu wa Dodoma walipata makubwa kama Ikowa na Hombolo. Vijijini kwetu yamebaki yale madogo ya tuta la udongo, yanayojulikana kwa jina la mbuga au la mzee aliyeishi jirani.

Tuta la udongo halivunjwi na uzito wa maji peke yake. Maji hupenya polepole ndani yake, na likishindiliwa vizuri yanatoka upande wa pili kidogo sana, tena yakiwa safi. Mnyama akichimba, safari ya maji inakuwa fupi. Siku kina kinapopanda hadi usawa wa shimo, maji hupita kwa kasi na kubeba udongo. Shimo la ngumi linakuwa shimo la ndoo, kisha la mtu mzima, na yote hayo yaweza kutokea usiku mmoja. Dalili ni maji machafu nyuma ya tuta. Akiyaona mchungaji asubuhi, bado kuna nafasi. Asipoyaona mtu, ndiyo basi.

Kwa nini wanyama hawa wanapenda tuta? Wakati wa mvua mbuga yote inalowa, na tuta ndilo kilima kikavu pekee kilichobaki. Fuko, ambaye hanywi maji kabisa bali hupata unyevu kwenye mizizi na viazi anavyokula, hupasua njia ndefu chini ya nyasi na kuacha vile vichuguu vidogo tunavyovijua wote. Panya shamba ana mimba ya siku 23 hivi na huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mkupuo. Watafiti wa panya wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, walionyesha kuwa mvua za mwanzo zikiwahi na kuwa nyingi, panya hufurika. Kwa hiyo mwaka wa neema ya maji ndio mwaka wa hatari kwa tuta. Kuna pia nungunungu, na muhanga anayefukua mchwa, ambaye si jamii ya panya lakini shimo lake linamtosha mtoto kuingia.

Sasa tuje kwenye historia yenyewe. Watu wa kwetu wamepigana na panya muda mrefu, ila vita hiyo ilikuwa nyumbani na shambani. Nyumbani ni kwa sababu ya tauni. Karne iliyopita Singida, Kondoa na Mbulu zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizopata ugonjwa huo, unaoletwa na viroboto vya panya, na tembe lenye nafaka ndani lilikuwa makao mazuri ya panya. Lushoto iliugua kuanzia 1980 kwa zaidi ya miaka 20, wagonjwa zaidi ya 7,000. Shambani tunajua wote: mbegu ya mahindi inafukuliwa hata kabla haijaota. Bwana afya alikuwa na kazi yake, bwana shamba alikuwa na yake. Tuta la lambo halikuwa la bwana yeyote.

Au tuseme lilikuwa na mwenyewe kwa kipindi fulani, kwa njia isiyopendeza. Baada ya Sheria ya Serikali za Wenyeji ya 1926, machifu waliweza kuamuru watu kutoka na majembe. Wanyaturu hawakuwahi kuwa na mtemi mmoja wa kuwatawala wote, na kazi ile ya lazima haikupendwa. Hatuitamani irudi. Uchifu ulifutwa 1963, mwaka huohuo mkoa wetu ulipoanzishwa. Mwaka 1971 ukaja mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji karibu na nyumba, na fedha zikaelekea kwenye visima na mabomba. Operesheni Vijiji nayo ilihamisha kaya nyingi, na pengine lambo likabaki porini. Sera ya Maji ya 2002 iliweka miradi mikononi mwa watumiaji, na tangu 2019 tuna RUWASA na vyombo vya jamii vya kusimamia maji. Vyombo hivyo hukusanya fedha kwa ndoo. Ng'ombe hana ndoo, na lambo la mifugo halimo kwenye daftari.

Waholanzi wana kisa kinachofanana na chetu. Mwaka 1905 panya wakubwa wa majini kutoka Amerika Kaskazini waliachiwa karibu na Prague. Walizaliana, wakasambaa Ulaya, na mwaka 1941 wakaonekana Uholanzi, nchi ambayo sehemu kubwa iko chini ya usawa wa bahari na inalindwa na matuta. Waholanzi waliajiri watu ambao kazi yao ni kutembea kwenye matuta na kutega mitego, na mamlaka zao za maji zinawalipa mpaka leo.

Sisi hatuhitaji jeshi. Tunahitaji mtu mmoja kwa kila lambo, mwenye posho, anayekagua tuta kila wiki na kila siku mvua zikikolea. Fedha hiyo imo kwenye makisio ya mwaka huu, kurasa za nyuma, kama fungu la matunzo ya kila mwaka. Tuliona afadhali hivyo kuliko kusubiri kuchangia tuta jipya.

Kuhusu sumu, wengine wameshauri tumwage tu. Kamati imekataa. Maji yale yananywewa na mifugo na watoto, na sumu haimchagui bundi wala paka. Tutatumia mitego ya waya, ambayo vijana wetu wanaijua kuliko sisi wa mjini. Nyasi zitafyekwa ziwe fupi, zisiondolewe. Miti na viazi vitamu havitapandwa juu ya tuta wala nyuma yake, maana kumlimia fuko viazi mlangoni ni kumkaribisha.

Shimo halizibwi kwa miiba na mawe. Linafukuliwa mpaka mwisho wake, linajazwa udongo wa mfinyanzi wenye unyevu kidogo kidogo, na kila tabaka linashindiliwa. Kazi itaanza baada ya mavuno, maji yakiwa chini, na ikamilike kabla ya Novemba. Kabla ya kugusa tuta tutapeleka barua Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, ofisi yao iko hapohapo Singida mjini, ili mhandisi aje kutazama. Wenye majembe na toroli waziandikishe kwa mtendaji wa kijiji, na watakaochangia fedha waandike neno "tuta" kwenye stakabadhi ili zisichanganyike na zile za madawati.