Goma: breki, lami na lava

Wandugu wa Louisville, Columbus na Buffalo, ajali za Goma tunamtupia rubani tu. Hebu tuangalie njia yenyewe ya kurukia. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu yake ya kaskazini. Sasa hesabu: ndege ikitua na kasi iliyozidi kwa asilimia 10, breki zina nishati zaidi ya kumeza, asilimia 21 nzima. Lami ikilowa, tairi zinateleza; hapo dawa ni urefu uliobaki mbele. Tarehe 19 Novemba 2009 MD-82 ya CAA ilitua, ikapitiliza mwisho wa njia, ikakwama kwenye lava iliyoganda. Hakufa mtu, Mungu ashukuriwe. Lakini jamani, karibu miaka minane ilikuwa imepita, na mwamba ulikuwa bado pale!