Sadaka ya Epifania na Biashara ya Watumwa

Njia ya misafara ya watumwa ilitoka Nyangwe na Kasongo, ikapita Kabambare, ikafika ziwa Tanganyika, halafu Ujiji na pwani. Vita vilivyoivunja vinajulikana: Kasongo ilitekwa tarehe 22 Aprili 1893, na Kabambare mwezi wa Januari 1894. Lakini habari ya fedha haisimuliwi sana. Wakristo wa mbali walitoa mali yao ili utumwa ukome. Je, mali hiyo ilitumiwaje?

Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alihubiri Paris, London na Brussels juu ya mateso ya watumwa. Papa Leo XIII alimpa franka 300,000 kwa kazi hiyo, na vyama vya kupinga utumwa vikaanzishwa Ulaya. Chama cha Ubelgiji kilipeleka askari. Kapteni Jacques alifika ziwani mwaka 1891, akajenga boma la Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Hivyo sehemu ya sadaka ikawa bunduki na baruti.

Mapadri waliokaa kando ya ziwa walifuata njia nyingine: walinunua watumwa, hasa watoto, ili kuwapa uhuru. Ilikuwa kazi ya huruma, lakini ilikuwa na mtego ndani yake. Mwuzaji akiona kwamba mnunuzi hakosekani, atakwenda kuteka wengine.

Tarehe 20 Novemba 1890 Papa aliweka utaratibu. Kila mwaka, siku ya Epifania, sadaka ikusanywe makanisani kwa ajili ya kukomesha utumwa katika Afrika, ipelekwe Roma kwa Shirika la Propaganda. Nchi yenye misheni zake za kuwakomboa watumwa, sadaka yake izisaidie misheni hizo. Inayobaki igawiwe misheni zenye shida kuliko nyingine. Basi kila mtoaji alijua kusudi la sadaka na nani ataipokea, kabla hajafungua mfuko wake.

Tena, kulipa bei ya mtu hakutoshi. Adriano Atiman aliuzwa akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe kule Algeria, akafundishwa utabibu huko Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, ng'ambo ya ziwa, upande wa Tanzania, akawatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Bei yake ililipwa mara moja, lakini malezi na masomo yalidai matumizi ya miaka. Matumizi hayo ndiyo yaliyowapa wagonjwa wa Karema tabibu.

Mwaka 1903 Mapadri walifungua misheni Tongoni, penye mji wa kale wa Kasongo. Soko la watumwa lilikuwa limekwisha, lakini sadaka haikukoma. Katika Ujerumani inakusanywa hata leo, nayo husaidia kuwafundisha watumishi wa Kanisa la Afrika.

Sisi nasi tuna makusanyo ya parokia na vyama vya kusaidiana. Tuulize: fedha hii ni ya kazi gani? Nani anaishika? Hesabu itasomwa lini mbele ya watu? Kuuliza hivyo si kumtukana mtunza fedha. Mtunza fedha mwaminifu hufurahi akiulizwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.